Siku ya wapendanao iliyozaliwa dukani, na mi naona poa tu

Kila Februari 14 mitandaoni ni vurugu, huyu anaposti maua mekundu, yule anasema siku ni ya kipagani, mwingine ana stori ya padri wa Roma aliyefungisha ndoa za siri. Mi akili yangu huwa iko Machi 14, White Day ya Wajapani, siku wanaume wanarudishia wanawake zawadi za Valentine, maana asili ya ile haina ubishi mkubwa. Ilitoka dukani.

Ila kwanza Valentine yao, ambayo iko kinyume na yetu, kule wanawake ndo wanawapa wanaume chokoleti, na hiyo nayo ni kazi ya wafanyabiashara. Morozoff, watengeneza chokoleti wa mji wa Kobe, walitoa tangazo la Valentine 1936 kwenye gazeti la Kiingereza la wageni, wapi. 1958 kampuni ya Mary ikajaribu kuuza chokoleti za Valentine pale Isetan, duka kubwa la Tokyo, siku tatu nzima mauzo yakawa yen 170. Yen 170 jamani! Mtu mwingine angeenda kuuza maandazi. Wao wakarudi mwaka uliofuata na chokoleti za umbo la moyo, wakakomaa, kufika miaka ya 70 nchi nzima imeshanasa.

Sasa wanaume wakawa wanakula tu. 1977 huko Fukuoka, bosi wa Ishimura Manseido, watengeneza vitamutamu tangu 1905, akakuta kwenye gazeti la kina mama msomaji analalamika kwamba sisi tunatoa chokoleti afu wanaume hawarudishi kitu, si wangeleta hata leso, hata pipi, hata mashimalo. Na jamaa kiwandani kwake anatengeneza nini? Mashimalo, zile pipi nyeupe laini zinazobonyea. Duka la Iwataya likamwambia Machi haina sikukuu ya maana ya kuuzia, weka tarehe 14, na Machi 14, 1978 Siku ya Mashimalo ikazinduliwa, mashimalo yenye chokoleti ndani. Chama cha watengeneza peremende nacho kinadai sifa zake, ila kwa vyovyote 1980 ndo ikaanza kusherehekewa kitaifa kwa jina la White Day.

Watu wakisikia hivi wanasema basi hakuna mapenzi hapo, ni biashara tupu. Nabisha. Japani ukipewa zawadi ya harusi au rambirambi ya msiba, unatakiwa urudishe kitu, ni desturi ya zamani kuliko hizo pipi. Hata sisi mchango wa harusi unaandikwa kwenye daftari, na siku ya kwako daftari linafunuliwa, usijifanye hujui. Yule mzee wa Fukuoka deni alilikuta, yeye akalipangia tarehe tu.

Kinachonikera ni ofisini. Kuna kitu wanaita giri choko, chokoleti ya wajibu, mdada anamnunulia bosi na wanaume wote wa idara hata asiowasalimia vizuri, afu Machi na wao wanahangaika kurudisha, na kuna usemi kabisa kwamba urudishe mara tatu. Mara tatu kwa mtu ambaye hata namba yake huna! 2018 Godiva, wauza chokoleti wenyewe, wakalipia ukurasa mzima kwenye gazeti la Nikkei kuwaambia Wajapani waiache giri choko. Najua, chokoleti ya wajibu mara nyingi ni ile ya bei chee na Godiva si ya bei chee, kwahiyo huruma yao ina hesabu ndani yake. Bado nawaunga mkono.

Wakorea Kusini ndo wamenifurahisha, wamezichukua zote mbili afu wakaongeza Aprili 14, Black Day, ya wale ambao hawakupata kitu Februari wala Machi, wanakutana kula jajangmyeon, tambi za mchuzi mweusi. Hiyo ikija Dar mi wa kwanza kwenye foleni.