Kioo cha LCD cha Segmenti: Draiva ya Kando au Iliyomo Ndani ya Chipu?

Kipima joto cha mashine ya kutotolesha vifaranga hakihitaji skrini ya rangi. Kioo cha LCD cha segmenti, chenye tarakimu nyeusi zinazoundwa kwa vijistari (ndizo segmenti) kama cha kikokotoo, kinatosha: kinasomeka hata juani na umeme wake ni kidogo sana. Mafundi hubishana juu ya kinachokiendesha. Wengine huchukua maikrokontrola (chipu inayobeba programu ya kifaa) waliyoizoea na kuiongezea draiva ya kando, yaani chipu ya pili inayowasha na kuzima segmenti, kama HT1621 ya Holtek. Wengine hutaka chipu moja yenye draiva ndani yake, kama MSP430FR4133 ya Texas Instruments.

Kwa nini draiva iwepo kabisa? LCD haivumilii umeme wa DC, yaani wa kwenda upande mmoja tu. Ukiipitishia huo kwa muda mrefu, elektrolisisi huharibu umajimaji wake na segmenti hufifia moja kwa moja. Kwa hiyo kila segmenti lazima igeuziwe umeme huku na huku makumi ya mara kwa sekunde. Tena, tarakimu nne zenye nukta zikiendeshwa moja moja zinadai pini 33. Zikigawana laini nne za pamoja (kila laini ikihudumia robo ya segmenti kwa zamu), pini hushuka hadi 12, lakini sasa volti lazima zitolewe kwa ngazi, si kuwasha na kuzima tu. Kwa kioo kidogo unaweza kutengeneza ngazi hizo kwa resista na pini za kawaida, ila resista hunywa umeme muda wote na chipu hailali. Mimi njia hiyo naiachia mazoezi ya darasani.

Upande wa HT1621 una hoja nzito. Nyaya tatu tu zinaendesha segmenti 128, na maikrokontrola yako ya siku zote, tuseme ATmega328P, inabaki mezani pamoja na programu zake. Viwanda vingine navyo hutoa chipu za aina hiyo hiyo, mfano TM1621. Chipu zilipoadimika duniani mwaka 2021, aliyetenganisha draiva na maikrokontrola aliweza kubadilisha maikrokontrola bila kugusa kioo. Aliyeviunganisha alibaki akisubiri mzigo.

Tatizo ni betri. HT1621 ikitumia saa yake ya ndani kwa volti 3 hula takriban maikroampea 150. Betri ya kitufe ya CR2032 ina kama mAh (miliampea-saa) 220, yaani miezi miwili tu, na hapo hujahesabu maikrokontrola wala kihisi. Isitoshe, betri inavyoshuka ndivyo tarakimu zinavyopauka. MSP430FR4133 inaendesha kioo huku ubongo wake umelala, kwa maikroampea chache, na ina pampu ya ndani (sakiti ya kupandisha volti) inayoshikilia volti ya kioo betri inapochoka. Betri ile ile sasa unaihesabia miaka. Gharama yake ni jasho la fundi: pini ni nyembamba na zimebanana, kuzichomea kwa mkono si mchezo, na zana za programu ni za kujifunza upya. Bahati nzuri ipo bodi ya majaribio ya LaunchPad yenye kioo tayari.

Mashine ya vifaranga imechomekwa kwenye soketi, kama ilivyo mita ya LUKU ukutani inayokula umeme wa laini. Hapo maikroampea 150 si hoja, nami ningechukua HT1621 bila kusita. Kipima joto cha ghala la mahindi kisichokaribia soketi ni habari nyingine. Kwa hicho ningevumilia pini nyembamba.

Kuna mtego mmoja kwa wanaochagua draiva ya kando. HT1621 ikipewa volti 5 hutaka mawimbi ya kuingia, yaani amri zinazotoka kwa maikrokontrola, yafike volti 4, ilhali maikrokontrola nyingi za sasa hutoa 3.3. Mezani inaweza kukubali, kisha ikagoma kwa mteja. Lisha vyote volti 3.3, na tafuta kioo cha volti 3 chenye laini nne za pamoja. Kinunue kabla hujachora bodi: mpangilio wa pini hutofautiana kati ya kioo na kioo, na kuagiza cha umbo lako mwenyewe kunakuja na gharama ya kutengeneza mchoro na kalibu, ambayo kwa vifaa hamsini haitarudi.