Siku Kanuni Zangu Zilipomkata Shujaa Mguu

Mimi ndiye mwendesha mchezo. Kwa asiyejua: katika hii michezo ya mezani ya mashujaa na majoka, kila mwenzako ana mhusika wake mmoja, na wewe ndiye ulimwengu wote uliobaki. Wewe ndiye joka, wewe ndiye mvua, wewe ndiye mlinzi wa lango mwenye kikohozi. Ni cheo kizuri. Ubaya wake, kinapanda kichwani.

Changu kilipanda siku rafiki yangu, anayecheza shujaa wa upanga, alipolalamika. Mdogo wangu wa kike anacheza mchawi, na zamu yake ikifika anaita radi, anageuza watu vyura, anawalaza askari kumi usingizi wa pono. "Sasa mimi zamu yangu ikifika nasema nini? Nampiga. Zamu nyingine? Nampiga tena."

Alikuwa na hoja, ndugu zangu. Nikamwahidi kanuni mpya za mapigano, zitakazoupa upanga heshima yake.

Dungeons & Dragons, baba wa michezo hii yote, ilitoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Kwa zaidi ya miaka 50 watu wenye akili timamu wamekuwa wakizipima kanuni za mapigano na kuzirekebisha. Mimi nilijitengea wikiendi mbili.

Zikatoka kurasa 23. Nikazichapisha, nikazibana kwa springi, nikaweka na jalada la plastiki. Kiini chake kilikuwa hiki: kila unapopiga, unarusha dadu ya pande 20. Ikija 20, ni pigo la neema, madhara mara tatu. Ikija 1, ni ajali, na hapo unarusha dadu ya pande 12 na kusoma jedwali. Lile jedwali nililiandika kwa mapenzi. Namba 3: silaha inakuponyoka na kumwangukia aliye karibu. Namba 7: unajikata mguu. Namba 12: jicho moja, kwaheri.

Nafasi ya kupata 20 ni asilimia 5. Nafasi ya kupata 1 ni asilimia 5. Pembeni nikaandika kwa kalamu nyekundu: USAWA. Nikapigia mstari mara mbili.

Mdogo wangu alikisoma kitabu usiku mmoja, akaja na ombi dogo. Maombi yake madogo huwa nayaogopa.

"Kaka, kabla hatujaanza safari, shujaa apashe mwili moto. Hapo uwanjani hakuna sanamu ya majani ya mazoezi? Aipige dakika moja tu."

Sikuona ubaya. Nikaisimika sanamu ya majani kwenye mti, macho yake vifungo viwili vya koti. Haina silaha. Haisogei. Haina hata kinyongo.

Raundi moja kwetu ni sekunde 6, kwa hiyo dakika ni raundi 10. Shujaa wetu ni bingwa, anapiga mara nne kila raundi. Marusho 40.

Pigo la sita, dadu ikazunguka ubavuni mwa kitabu, ikalala: 1. Jedwali likasema namba 3. Aliye karibu ni sanamu, nikaamua upanga umeiangukia. Tukacheka. Pigo la 19, tena 1. Jedwali: 7. Mguu. Hapo tulicheka kidogo kidogo. Pigo la 33, 1 nyingine, na rafiki yangu akairusha ile dadu ya pande 12 huku amefumba macho, utadhani anachomwa sindano. Ikaja 12.

Kimya. Shujaa aliyeua majitu mawili na malkia wa buibui alikuwa amekaa chini mbele ya fungu la majani, mguu mmoja, jicho moja. Ile sanamu inamtazama kwa vifungo vyake.

"Ni bahati mbaya tu," nikasema.

"Si bahati," mdogo wangu akasema, na kalamu ya risasi tayari anayo mkononi. Kuruta anayepiga mara moja kwa raundi ana asilimia 5 ya kupata ajali. Bingwa anayepiga mara nne ana karibu asilimia 18.5. "Kwa hiyo kwenye ulimwengu wako, kaka, mtu akizidi kujifunza upanga, ndivyo anavyozidi kujikata."

"Na wewe je?"

"Mimi radi yangu siirushii dadu ya kupiga. Anayerusha ni adui, anapojaribu kuikwepa. Jedwali lako halinihusu."

Akaniongezea la pili bila kuombwa. Kizimwi akipoteza jicho, hasara iko wapi? Atakufa raundi ijayo. Shujaa ndiye anayelibeba lile shimo la jicho pambano kwa pambano mpaka mwisho wa mchezo.

Mtu mwenye busara angekitupa kitabu hapo hapo. Mimi nilikuwa nimeshalipia springi.

Nikatia kiraka. Ukipata 1, kwanza unarusha dadu ya kujinusuru. Ukinusurika, adui anarusha dadu ya kukuvizia. Akikuvizia, unarusha ya kumjibu. Nikamrudishia shujaa mguu wake (malaika alipita njia, msiniulize), tukaenda kwa joka.

Yule joka nilimwandaa miezi mitatu. Ana miaka 900, na nilikuwa nimemwandikia hotuba. Pambano lilianza saa mbili usiku. Saa tano usiku tulikuwa raundi ya tatu. Saa tatu nzima tumecheza sekunde 18. Rafiki yangu alikuwa amefuta na kuandika upya pointi zake za uhai mpaka karatasi imetoboka, akawa anasoma hesabu kwenye meza yenyewe.

Sasa, joka naye ni bingwa. Kucha mbili, meno, mkia: mapigo manne. Hili nilikuwa sijalifikiria.

Raundi ya tatu, joka akauma. Nikarusha. 1. Nikarusha ya kujinusuru, nikashindwa. Nikarusha ya jedwali, ikaja 3.

Mdogo wangu akakivuta kitabu, akasoma polepole, neno kwa neno: "Silaha inakuponyoka, na kumwangukia aliye karibu."

"Sasa silaha yake ni..."

"Meno," wakasema wote kwa pamoja.

Kanuni ni kanuni, na nilikuwa nimeziandika mwenyewe. Meno ya joka yakaponyoka yote, yakamwangukia shujaa kwenye ule mguu wa malaika. Joka wa miaka 900, kibogoyo. Na hotuba bado sijaitoa. Nikaona nisipoisoma leo sitaisoma tena, nikasimama, nikakunja midomo ndani:

"Nitawathaga mifupa yenu, enyi vithithimithi!"

Rafiki yangu alianguka kutoka kwenye kiti. Kweli, si kwa dadu. Mdogo wangu, machozi yakimtoka, akainua mkono: "Namlaza usingizi." Joka akalala. Zamu yake nzima ilichukua sekunde nne, na hakugusa dadu hata moja.

Wiki iliyofuata wachezaji wangu wote wanne walikuja na karatasi mpya za wahusika. Mchawi, mchawi, mchawi. Nikamgeukia rafiki yangu, aliyefunika yake kwa kiganja.

"Na wewe mchawi?"

Akaisukuma mbele yangu. Kwenye nafasi ya jina ameandika: Sanamu ya Majani. Silaha: hakuna. Mapigo kwa raundi: sifuri. Mapambano: moja. Ushindi: mmoja.