Baba Mkwe Alipokagua Kidari

Baba mkwe wangu alikuwa mkaguzi wa mahesabu serikalini mpaka alipostaafu. Mtu wa namna hiyo ukimweka karibu na mashine yenye namba, lolote litakalotokea ni halali yako.

Walikuja Houston, yeye na mama mkwe, kutoka Moshi, kumwona mjukuu. Tukaalika Watanzania wenzetu wa hapa mjini waje Jumamosi mchana kuwasalimia wazee, na mimi, mtoto wa Tanga niliyeoa Uchagani, nikaona zamu yangu imefika. Ukweni wananijua kwa samaki na nazi. Siku ya harusi waliandaa ndafu, mbuzi mzima wa kubanikwa, kasimama mezani na majani mdomoni, na nilipopewa kisu nimkatie mkwe kipande chake nikaanzia mahali pasipo penyewe. Mzee hakusema neno. Alinitazama kama risiti isiyo na muhuri.

Basi nikanunua kidari cha ng'ombe, kile kipande cha kifuani ambacho watu wa Texas wanakipa heshima tunayompa mbuzi sisi. Kilo sita na ushei. Ni nyama ngumu, kwa sababu ng'ombe hubebea hapo sehemu kubwa ya uzito wake maisha yake yote. Ukiibanika kwenye moto mkali kama mishikaki, utatafuna mkanda. Dawa yake ni moto mdogo na subira: nyuzi 225 za Fahrenheit usiku kucha, hadi ile mishipa migumu ilainike igeuke ute. Viungo ni chumvi na pilipili manga, basi. Ukiongeza tangawizi Mteksasi anakuonea huruma.

Jiko langu ni la mkaa, la moshi, refu, lenye mfuniko, na kwenye tundu la hewa la chini nimefunga kifeni kinachoamrishwa na kiboksi. Kiboksi kina waya mbili: moja inabanwa kwenye wavu kupima joto la jiko, ya pili inachomekwa ndani ya nyama. Unakiambia nataka 225. Joto likishuka feni inapuliza, mkaa unapata hewa, unakolea. Likifika, feni inanyamaza. Ni kazi ileile aliyokuwa akiifanya bibi yangu kwa kipepeo cha ukili, ila feni haikatizi kupepea ili ikutume dukani.

Saa nne usiku nikawasha. Mkaa ambao haujawashwa niliujaza chini, juu yake vipande vichache vilivyokwisha kolea, ili moto ushuke wenyewe taratibu, na humo ndani nikachomeka vipande vya mwaloni kwa ajili ya moshi. Namba ikapanda, ikatulia. Nikajilaza kwenye kochi, simu kifuani, maana joto likienda mrama kiboksi kinapiga kelele kwenye simu.

Saa tisa usiku kikapiga. Joto limeporomoka. Nikatoka mbio na kandambili za mtoto.

Mzee alikuwa amesimama uani, shuka la Kimasai begani, mfuniko mkononi. Saa tisa usiku ya Houston ni saa tano asubuhi ya Moshi. Alikuwa ameshaoga, ameshavaa saa, anatafuta kazi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nimekuja kuigeuza nyama. Nimeona umeisahau."

Waliooa watanielewa. Baba mkwe huwezi kumwambia "funika". Huwezi hata kumwambia "naomba ufunike". Unazunguka.

"Baba, mbu wa huku ni wabaya sana."

"Wa huku hawana malaria," akasema, mfuniko bado mkononi, na kule chini feni inavuma kwa hofu, ikiamini moto unakufa.

Alipofunika hatimaye, alivuta kiti akasogea kwenye kiboksi, akaweka miwani. "Mia mbili na ishirini na tano," akasoma. "Maji yanachemka mia. Hii nyama imeshakwisha."

Nikamweleza kwamba hizo ni Fahrenheit, Wamarekani ndivyo wanavyopima. Akaguna. Alisema vipimo vya kikoloni sisi tulishaachana navyo. Kwa heshima yake nikabonyeza, kiboksi kikahamia Selsiasi, ikaja 107. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sasa hiyo ndiyo namba, akasema.

Tukakaa. Joto la nyama lilipofika 71 likagoma. Wapikaji wote wa kidari wanalijua hilo, linaweza kukaa hapohapo saa kadhaa bila kusogea. Mzee hakuwa analijua, na alikuwa anaandika. Ndiyo, alikuwa na karatasi, mstari kwa saa, amepiga na jedwali.

"Kuanzia saa tisa na nusu hakuna mabadiliko. Tatizo nini?"

"Nyama inatoka jasho, Baba."

"Nyama imekufa. Inatokaje jasho?"

"Ni maji yake ya ndani. Yanatokeza juu yanakauka, na yakikauka yanaipoza."

Akafikiri. "Kwa hiyo umewasha moto wa kupika nyama, na nyama inajipoza."

"Ndiyo, Baba."

"Na mkaa analipia nani?"

Saa kumi na moja alfajiri nikakitoa kidari, nikakifunga kwa karatasi ya buchani kuzuia hilo jasho lisikauke, nikakirudisha. Macho yalikuwa yanawaka. Nikamwambia mzee najinyoosha kidogo, mashine inajiendesha yenyewe.

"Lala, mkwe," akasema. "Mimi nipo."

Sikuamshwa na simu. Niliamshwa na king'ora cha moshi cha darini, mtoto analia, mke wangu anapunga taulo jikoni. Saa mbili na nusu asubuhi. Mlango wa uani ulikuwa wazi na moshi uliokuwa unaingia haukuwa ule mwembamba wa mwaloni. Ulikuwa mzito, wa mafuta yanayoungua.

Nje, feni inavuma mfululizo. Mzee ameketi kwenye kiti chake, miguu ameikunja. Ng'ambo ya uzio kaegemea jirani yetu, Mteksasi mstaafu, kofia kichwani, kikombe cha kahawa mkononi. Wote wawili wametulia kama wazee wa kanisa. Kiboksi kinasoma 231.

Selsiasi. Karibu 450 kwa namba za jirani. Ni joto la kuokea pitsa.

"Usiwe na wasiwasi," mzee akaniambia. "Kulikuwa na hoja, nimeshaifunga."

Ilikuwa hivi. Jirani alitoka saa moja na kahawa yake, akanusa mwaloni, akaja uzioni kusalimia. Mzee Kiingereza anacho, cha ofisi. Wakapatana upesi. Jirani akamwambia kwamba kidari kina namba moja tu duniani, 225, yeye anapika hivyo tangu ujana wake, na baba yake kabla yake. Mzee akageuka akatazama kiboksi: 107. Namba mbili, kitu kimoja. Miaka yote ya utumishi wake alikuwa analipwa mshahara kwa ajili ya jambo hilohilo. Akatafuta kitufe cha kupandisha, akabonyeza mpaka vitabu vikalingana. Jirani alimpongeza.

"Lakini simu," nikasema, "simu ilipaswa kulia."

Mama mkwe akatokeza mlangoni na chupa ya chai. "Ililia sana, baba. Nikasema huyu mtoto kakesha, watu gani hawa wanampigia alfajiri yote. Nikaizima." Ndipo nikaona nilikuwa nimefunikwa kitenge, nimetoka nacho hadi uani.

Nikachomoa feni, nikaziba matundu. Mkaa ukishakolea wote haukusikilizi mara moja, kwa hiyo nikavaa glavu nikafunua. Karatasi ilikuwa nyeusi tii, na ilipopata hewa ule upande uliolowa mafuta ukawaka. Kipande kikapaa na moto wake, kikapita juu ya uzio kwa utulivu kabisa, kikatua kwenye ukingo wa kofia ya jirani. Akaivua, akaizimisha kwa kahawa, akaivaa tena. Nadhani anatupenda tangu siku ile.

Mke wangu alikuja na taulo begani, akasikiliza maelezo yote, akasema mwaka 1999 NASA walipoteza chombo kilichokwenda Mars kwa sababu upande mmoja ulikokotoa kwa vipimo vya Kiingereza na mwingine kwa metriki.

"Walikuwa na mkaguzi?" mzee akauliza.

Hakuna aliyejibu. Akaomba kisu.

Ile ncha nyembamba ya kidari ilikuwa mkaa halisi, ungeirudisha jikoni ikawaka. Upande mnene ulikuwa na gamba jeusi nje, ndani nyama kavu lakini ya kulika, haikatiki vipande vya heshima ila inachanika. Mzee akakwangua gamba, akakatakata iliyobaki vipande vidogo kwenye ubao, haraka haraka, mkono wa mtu aliyefanya hivyo kwenye sherehe zote za ukoo. Akakamua ndimu, akaongeza chumvi na pilipili mbuzi. Mama mkwe akatengeneza kachumbari bakuli zima. Mke wangu akakaanga ndizi. Mimi nilitumwa dukani.

Wageni walifika saa nane. Saa tisa sinia lilikuwa tupu na mtu mmoja wa Singida anafuta juisi yake kwa ndizi. "Hapa sasa ndio tumekula nyama," akasema, "siyo hivi vitu vya Wazungu vinavyopikwa kutwa nzima." Wote wakamgeukia mzee wakampa mkono. Jirani naye alikuwepo, sahani ya pili, akitafuta vipande vilivyoungua zaidi. Akanivuta pembeni aniambie kwamba baba mkwe wangu ana kipaji, nikae naye nijifunze.

Jioni nilikuwa nasugua wavu. Mzee alikuwa sebuleni, dirisha wazi, anarekodi ujumbe wa sauti kwa kundi la ukoo la WhatsApp.

"Tumefika salama, tunakula vizuri. Mkwe ana mashine ya kupikia nyama. Nimeikagua. Nimeipa hati yenye shaka, maana inabadilisha namba hovyo na msimamizi wake analala kazini. Jumamosi ijayo ananunua mbuzi. Mwambieni shemeji yenu wa Marangu anitumie picha ya namna ya kumfunga, nimwoneshe kijana."