Tatizo si ukubwa wa dishi

Mwandishi wa makala yenu amesema chaneli za bure za setilaiti za UHD (picha kali kuliko HD, huitwa pia 4K) zinahitaji dishi kubwa zaidi. Hapana, na watu watatupa pesa bure. Dishi halijui kama picha ni ya HD au UHD, linakusanya mawimbi tu. Ukubwa wake unategemea nguvu ya setilaiti mahali ulipo, na jinsi matangazo yalivyopangwa kwenye masafa ya chaneli hizo.

Kinachokwamisha wengi ni king'amuzi. Picha ya UHD ina pikseli 3840 kwa 2160, mara nne ya Full HD, kwa hiyo hubanwa, yaani data yake hupunguzwa ili irushwe, kwa mfumo wa HEVC, uliopitishwa 2013. King'amuzi cha zamani cha MPEG-4, mfumo wa kubana uliotangulia, kitaikamata chaneli na kuiandika kwenye orodha, kisha kioo cha runinga kinabaki cheusi, pengine sauti inasikika. Hapo usipande juu ya paa kuhangaika na dishi!

Dishi liguse pale tu picha inapokatikakatika. Kwenye menyu ya king'amuzi tazama kipimo cha ubora wa mawimbi, achana na kile cha nguvu, kisha izungushe LNB (kile kifaa kidogo mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) polepole kwenye kishikio chake, kidogo kidogo, na usubiri kipimo kitulie kabla ya kuigusa tena. Kagua na kiungio cha kebo: uzi mmoja wa wavu wa nje ukigusa waya wa katikati, umeharibu kila kitu.

Na runinga iwe ya 4K, pamoja na tundu la HDMI 2.0, la kebo inayoleta picha na sauti kutoka kwenye king'amuzi. Tafadhali mhariri, rekebisheni aya ile ya dishi.