Shule Ni Neema, Lakini Isijengwe Juu ya Bustani ya Umma

Kila nipitapo Jackson Park, kusini mwa Chicago, nikaliona jengo la Kituo cha Obama limesimama mahali palipokuwa bustani, huingiwa na uchungu uliochanganyika na wivu. Uchungu, kwa sababu sehemu kubwa ya nyasi za ekari hizo 19 za bustani imeliwa na majengo. Wivu, kwa sababu wenyeji wa huku walipata fursa ya kubishana kabla ya tingatinga kufika. Kesi ya kukipinga kituo hicho ilifunguliwa mwaka 2018, na ujenzi haukuanza hadi 2021. Kabla ya hapo, jumba la makumbusho la mtengenezaji filamu George Lucas lilipingwa mahakamani kwa kutaka nafasi kando ya ziwa, ingawa palipotakiwa palikuwa maegesho ya magari tu, hata mwenyewe akaacha na kulipeleka Los Angeles.

Kwetu Nairobi, tangazo la kwanza ni ua wa mabati. Na pale bango linapotaja shule au kituo cha utamaduni, hata mtetezi wa bustani hunyamaza, kwani nani athubutu kuipinga shule?

Najua nitakayoambiwa: kwamba nimeshiba ughaibuni, na kwamba nalilia nyasi ilhali watoto wa Mathare wanabanana darasani. Sikubali. Mtoto anayebanana darasani na nyumbani ndiye anayehitaji uwanja kuliko sote. Wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, waliorushiwa vitoa machozi Januari 2015 wakidai uwanja wao, hawakuhitaji mtu wa Chicago kuwafundisha hilo.

Wala sisemi kwamba Wamarekani wametushinda kwa ujasiri. Mwaka 1989 Wangari Maathai aliitetea bustani ya Uhuru Park, Nairobi, dhidi ya jengo la orofa 60, akatukanwa bungeni, na jengo halikujengwa. Watu husahau kwamba mpango ule ulikuwa na ukumbi na majumba ya sanaa pia. Utamaduni ulikuwemo, na bado alikataa. Ninajivunia mama yule, na ndiyo maana nakasirika kwamba hadi leo tunasubiri shujaa badala ya kuwa na utaratibu.

Mnaoniuliza shule zijengwe wapi basi, ifungueni ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 kuhusu ardhi ya umma iliyogawiwa kinyume cha sheria, muanze kuirejesha hiyo kabla ya kuigusa bustani.