Hoki ya watoto Marekani: bure inaishia miaka 9, alafu?

Kila msimu USA Hockey, ndo chama kinachosimamia hoki ya barafu Marekani, wanafungua viwanja nchi nzima kwa siku wanayoita Try Hockey for Free. Mtoto wa miaka 4 hadi 9 anakuja mikono mitupu, anaazimwa helmeti, viatu vya kuteleza na gongo, anaingia barafuni na makocha, mzazi halipi hata senti. Nilimpeleka wangu hapa Minnesota, akaanguka weee, alafu muda ulipoisha akagoma kutoka, kwahiyo wanaosema hii ni biashara tu ya kuvuta wateja mi siwaungi mkono moja kwa moja. Sisi wahamiaji bila siku kama hiyo hata mlangoni tusingefika.

Nyuma yake kuna falsafa nzima. Tangu 2009 wana mfumo unaitwa American Development Model, hoja yake ni kwamba mtoto wa miaka 7 usimfundishe kama timu ya wakubwa. Uwanja wa kawaida ni futi 200 kwa 85, wao wanaukata vipande, watoto wanacheza kukatisha upana badala ya urefu wote, na ile paki, kisahani kigumu kinachopigwa kwa gongo badala ya mpira, ni ya bluu, aunsi 4 badala ya 6. Inaeleweka, maana kwenye uwanja mzima mtoto mmoja anayejua kuteleza anaondoka na paki mpaka golini, wenzake wanafuata mgongo tu, mechi inaisha wengine hawajaigusa. Mwaka 2011 wakakataza na kugongana miili kwenye mechi za miaka 11 na 12.

Wapinzani wa mfumo huu nao wana hoja. Wanasema aliyezoea kauwanja kadogo akihamia kakubwa anapotea, ofusaidi haijui, na mwenye kipaji anaboreka. Kuhusu kugongana wanasema mtoto anaanza kupigwa vikumbo akiwa na miaka 13, wakati baadhi ya wenzake washakuwa na miili ya watu wazima, na hapo naona wana pointi, kupokea kikumbo kufundishwe mazoezini mapema. Ila la uwanja mdogo hapana. Mchezaji Auston Matthews amekulia Arizona, jangwani kabisa, akacheza sana kwenye kiuwanja kidogo, na 2016 akachaguliwa namba 1 kuingia NHL, ligi kubwa ya hoki ya Marekani na Kanada.

Sasa kinachoniuma mimi ni hiki. Falsafa yenyewe inasema usimchuje mtoto mapema, kuna vipaji vinachelewa, ngoja abalehe kwanza. Sawa, lakini bure inaishia miaka 9, alafu inakuja ada ya klabu, hela ya barafu, safari za mechi, viatu vinavyobana kila mwaka, hesabu inaweza kufika maelfu ya dola kwa msimu. Kwahiyo kocha hajamchuja mtu, mfuko wa mzazi ndo umemchuja, tena kwenye umri uleule ambao walisema tuwe na subira.

Najua barafu haijigandishi yenyewe, kuna umeme, kuna mashine ya kulainisha, kuna watu wa kulipwa, na mzazi aliyechangia kitu humkumbusha mtoto mazoezi. Nakubali kabisa. Ila kuchangia ni kitu kimoja na maelfu ya dola ni kitu kingine.

Hapa Minnesota angalau kuna viwanja vya nje kwenye bustani za mtaa, baridi ikishika wanamwaga maji yanaganda, mtoto anacheza bure mpaka usiku. Na Nairobi vijana wa Kenya Ice Lions, timu ya hoki ya barafu, wengi wao walianzia kwenye viatu vya magurudumu, walijifunza kwenye uwanja mmoja mdogo wa hoteli ya Panari kwa vifaa vingi vya msaada, na 2018 wakapelekwa Kanada wakacheza na Sidney Crosby, nyota wa NHL. Vifaa vikiwepo watoto wanabaki.

Mi ningeanzia hapo kwenye vifaa. Kama vinaweza kuazimwa siku moja vinaweza kuazimwa mpaka mtoto afike 14, kila klabu iwe na stoo yake, maana viatu vya mwaka jana vimejaa majumbani na havimtoshi tena mwenyewe.