Kesi ya biskuti na mahakama iliyozaliwa 1979

Wakili wa Tanzania anayeweka pingamizi la awali, yaani hoja ya kutaka shauri litupwe kabla halijasikilizwa, awe Bukoba au Mtwara, hachelewi kuitaja kesi ya biskuti. Ni Mukisa Biscuit dhidi ya West End Distributors, ya mwaka 1969, iliyosema kwamba pingamizi la awali lazima liwe hoja tupu ya sheria; likishahitaji ushahidi, si pingamizi tena. Kesi yenyewe ilitoka Uganda. Walioiamua ni majaji wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, chombo kilichokufa mwaka 1977. Mahakama haipo, lakini neno lake bado linatupa mashauri nje ya mahakama zetu.

Naanzia hapo kwa sababu habari za Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanza rasmi tarehe 15 Agosti 1979, mara nyingi husimuliwa kwa upande mmoja. Ama ni ushindi wa taifa huru lililojitengenezea kilele chake cha haki, ama ni hasara ya kuvunja chombo kizuri kwa ugomvi wa wanasiasa. Kila upande una lake, ila hoja zao hazilingani uzito.

Mahakama ile ya pamoja ya Afrika Mashariki iliasisiwa na Waingereza mwaka 1902, na kwa miongo mingi haikuwa ya mwisho. Aliyeshindwa pale, kama ana fedha, alikwenda kwa majaji wa Baraza la Mfalme kule London. Baada ya uhuru njia hiyo ikafungwa, na mkataba wa mwaka 1967 ulioiunda Jumuiya ya Afrika Mashariki ukaipokea mahakama hiyo kama chombo cha nchi zote tatu: Kenya, Uganda na Tanzania. Makao yalikuwa Nairobi, lakini majaji walifunga safari kusikiliza mashauri Kampala na Dar es Salaam pia.

Wanaoililia wana hoja kubwa moja: umbali. Jaji wa mahakama ile hakuwa mteule wa rais mmoja. Kwa miaka ile, ambapo Tanzania ilikuwa ya chama kimoja na Uganda ilikuwa mikononi mwa Idi Amin, hilo halikuwa jambo dogo. Rufaa iliyotokana na kesi ya uhaini ya Dar es Salaam ya mwaka 1970 ilifika mbele ya mahakama hiyo. Yaani serikali iliwashtaki watu kwa kutaka kuipindua, halafu neno la mwisho likawa la majaji ambao serikali hiyo peke yake haikuwaweka. Sidhani kama mshtakiwa yeyote angeudharau umbali wa namna hiyo.

Lakini tusiupambe kupita kiasi. Septemba 1972, Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu wa Uganda, alikamatwa na askari ndani ya jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, na hakurudi. Mahakama ya pamoja ilikuwepo wakati huo, na haikumfaa kitu. Tena chombo cha mkataba huishi kwa hisani ya waliotia saini. Wakubwa walipogombana mwaka 1977, mahakama ilizikwa pamoja na shirika la ndege na la reli, kana kwamba haki na mabehewa ni mali ya aina moja. Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya wanaoitamani: kilele cha haki cha nchi hakiwezi kutegemea kama marais watatu wanasalimiana.

Na kilichofuata ndicho kinachonikera zaidi katika historia hii yote. Kenya ilijiundia mahakama yake ya rufani mwaka huohuo wa 1977. Tanzania ilikaa takriban miaka miwili bila chombo chochote juu ya Mahakama Kuu. Ni kweli, katikati kulikuwa na vita vya Kagera. Lakini mtu aliyetiwa hatiani na Mahakama Kuu mwaka 1978 hakuwa na mlango wa juu wa kubisha, na kwa aliyekuwa gerezani akisubiri, vita si jibu.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilipozaliwa, ilikuwa na majaji watano: Jaji Mkuu Francis Nyalali, Abdulla Mustafa, Yona Mwakasendo, Lewis Makame na Robert Kisanga. Mustafa alikuwa amekaa katika mahakama ile ya zamani, kwa hiyo mnyororo haukukatika kabisa, na ndiyo maana biskuti za Mukisa zilivuka salama. Rufani huamuliwa na jopo la majaji watatu. Majaji watano maana yake ni jopo moja, na wawili wanabaki.

Hata hivyo, uchache wa majaji ulikuwa shida ndogo. Shida kubwa ni kwamba hawakuwa na kitu cha kushika. Tanganyika ilikataa kuweka haki za binadamu kwenye katiba wakati wa uhuru, kwa hoja kwamba zingeifunga mikono serikali changa. Haki hizo ziliingia kwa marekebisho ya mwaka 1984, na hata hapo serikali ikapewa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake kabla mtu hajaruhusiwa kwenda mahakamani kuzidai. Mlango ulifunguka Machi 1988. Kwa karibu miaka tisa ya mwanzo, basi, mahakama ya juu kuliko zote nchini iliweza kuuliza kama sheria imefuatwa, siyo kama sheria yenyewe ni halali.

Hapo ndipo hoja ya umbali inapopungua nguvu. Majaji wa Nairobi nao, walipokaa kusikiliza shauri la Tanzania, walikuta katiba isiyo na haki za kudaiwa vilevile. Umbali ungewapa ujasiri, lakini usingewapa kifungu cha sheria cha kushika.

Mwaka 1991 Nyalali aliteuliwa kuongoza tume ya kutazama mfumo wa vyama, na tume yake ikaorodhesha sheria 40 ilizoziona kandamizi, ikiwamo ya kumweka mtu kizuizini bila kesi, ya mwaka 1962. Kwa zaidi ya miaka kumi mtu huyohuyo alikuwa amekalia kiti cha juu cha mahakama huku sheria hizo zikitumika. Wengine wanasoma hapo unafiki. Mimi nasoma jaji aliyekuwa anajua vizuri ni nini hawezi kukifuta.

Mlango ulipofunguka, mahakama haikusinzia. Katika shauri la Daudi Pete la 1990, lililohusu dhamana, ilifuta kifungu kilichomnyima mshtakiwa dhamana kwa aina ya kosa tu. Mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, ilifuta sharti la kuiomba Serikali kibali kabla ya kuishtaki Serikali hiyohiyo, kwa kipimo hiki: sheria inayopunguza haki isiwe ya kiholela, wala isipunguze kuliko inavyolazimu. Mwaka uliofuata Bunge likaweka notisi ya siku 90 badala ya kibali. Unaweza kuita hivyo ushindi au ukarabati. Mdai aliyekuwa akinyimwa kibali nadhani ataita ushindi.

Halafu likaja shauri la Mbushuu, mwaka 1995. Mahakama ilikubali kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na ya kudhalilisha. Kisha ikasema katiba inairuhusu kwa maslahi ya umma, kwa kutumia ibara ya 30. Wakosoaji wanaona hapa mahakama ya nyumbani ikiogopa mwenye nyumba. Wapo wanaojibu kuwa jaji hawezi kuifuta ibara iliyomo ndani ya katiba yenyewe. Nakubali jibu hilo kwa nusu: ibara ipo, lakini kupima maslahi ya umma ni kazi ya jaji, na kipimo cha shauri la Pumbun kilikuwa mezani tayari.

Zanzibar ni habari nyingine. Rufani zake zilianza kufika huku katikati ya miaka ya 80, isipokuwa za kadhi na za tafsiri ya katiba yake. Walioihofia mahakama ya Muungano walishangaa mwaka 2000, iliposema katika shauri la Machano Khamis Ali na wenzake kwamba kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar, kwa kuwa si dola. Waliookolewa ni wapinzani, kwa hoja iliyowauma Wazanzibari wengi.

Umbali wenyewe haukuondoka wote. Rais anapotaka kumwondoa jaji wa rufani kazini, katiba inamtaka aunde tume ya kumchunguza, na angalau nusu ya wajumbe wake wawe majaji, wa sasa au wa zamani, kutoka nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola. Jaji wetu akichunguzwa, bado tunaweza kumwita mtu wa mbali aje kutazama.